Kwangu Haitiki

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, mwaka juzi, mtoto wetu Tito alipoteza kusikia. Sisi wazazi wake tulikuja kujua mwezi wa kumi. Ninaandika habari za miezi hiyo ya katikati, kwa sababu nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali na wazazi waliopita humo humo, na kila mmoja alidhani yalimpata yeye peke yake.

Mimi ni mtu wa mbao. Nilisoma nikaishia darasa la saba. Kazi yangu iko nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenye zile mashine za kupasulia magogo tunazoziita dingdong. Mashine ikishawaka, mdomo hauna kazi, kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Kiganja kikishushwa chini maana yake simamisha. Vidole vikikunjwa mara mbili maana yake sogea kwangu. Watu nao wana alama zao. Festo, ninayeshika naye gogo, alama yake ni kugusa paji la uso, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Msimamizi ni tumbo, na mwenyewe hajui. Ukifanya kazi hiyo miaka mingi mikono haitulii hata nyumbani. Mke wangu Eliza alikuwa akinicheka.

"Baba Tito, nyoosha maneno, unataka chumvi. Hapa hakuna msumeno."

Tito alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na alikuwa mtoto wa kelele. Sisi Wabena salamu yetu ni kamwene. Yeye aliikata ikabaki "mwene!" na alimgawia kila mtu: wazee wanaotoka kanisani, kuku, na siku moja bomba la maji. Kwa mama mkwe wangu, Makambako, nyumba iko karibu na reli. Huko alijifunza neno lake kubwa kuliko yote, "pooo!" Treni ikipiga honi ingali mbali, aliacha hata kijiko mdomoni akakimbilia mlangoni. "Pooo!" Mama mkwe alimwita msimamizi wa stesheni. Tulicheka sana mwaka ule. Nasema haya kwanza ili ieleweke tulikuwa na nini.

Jumapili hiyo baridi ilikuwa kali, majani yameamka meupe. Tulipotoka ibadani mama yangu, ambaye tunaishi naye, alimpokea Tito, akampitishia mkono chini ya shuka, akagusa nyayo.

"Leo ana joto zuri," alisema, na alifurahi.

Kwetu Njombe, mwezi wa saba, mtoto mwenye joto ni mtoto aliyetunzwa. Ndivyo tunavyowapima. Mama akamwongezea blanketi, na hakuna kati yetu aliyeona kosa. Chakula kilipoiva Eliza alimfunua ampe, shingo ikakataa kuinama. Macho yalikuwa yanatazama juu, hayatutambui. Tulipanda pikipiki watatu na dereva, Tito katikati, na njia nzima nilikuwa namwita jina lake sikioni. Sijui kama alisikia. Huenda ndiyo mara ya mwisho.

Hospitalini walisema wanahofia homa ya uti wa mgongo, na kwamba lazima watoe maji kidogo mgongoni wayapime. Mama yangu akanivuta pembeni.

"Mwanangu, wakimtoa maji ya mgongo hatatembea tena. Usikubali."

Daktari alikuwa kijana. Alitueleza taratibu, akarudia, kisha akatungoja. Mimi nilikuwa nimeshika blanketi tu. Eliza ndiye aliyesema.

"Mtoeni. Nitamshika mimi."

Wodi ile baba haruhusiwi ila saa za kuona wagonjwa, kwa hiyo yote yaliyofuata aliyashika Eliza. Alimkunja Tito magoti yakagusa kidevu, akamkandamiza asitikisike. Baadaye sindano zilikuwa zinapita kwenye kanula, kile kijimrija cha mshipani. Mshipa wa mkono ulipoziba walihamia mguuni, wa mguuni ukaziba wakahamia kichwani, na kila walipohamisha, Eliza ndiye aliyemshika. Mtoto alipofumbua macho akaanza kututambua, mtu wa kwanza aliyemwona ni huyo aliyekuwa anamshika kwa ajili ya sindano. Alianza kugeuza uso ukutani kila mama yake alipoinama. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotutesa kuliko ugonjwa.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje na baba wengine. Tuliongea habari za mbolea na viazi, macho mlangoni. Mmoja alikuwa na karanga kwenye mfuko wa koti, na kila mlango ulipofunguka alitugawia, kama vile ni kazi aliyopewa. Sikumjua jina. Mtoto wake hakutoka. Alipokuja kuchukua vitu vyake alimaliza kutugawia zilizobaki, akaondoka.

Nesi mmoja alinionyesha dirisha la nyuma ya wodi. Kitanda cha Tito kilikuwa karibu na kioo. Nilikwenda pale kila siku nikitoka kazini, na maranda yangu nywelani, nikamfanyia mikono ya dingdong. Sogea kwangu. Simamisha. Chai imefika. Siku ya kwanza aliniangalia tu. Siku nyingine akainua vidole vyake vyembamba, akavikunja mara mbili, sogea kwangu. Nilirudi nyumbani natembea kama mlevi kwa furaha. Nilifikiri tunacheza.

Sindano ziliisha, tukaruhusiwa. Miti ya pichi ilikuwa inaanza kuchanua. Tito alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa upande mmoja palipokaa kanula, na miguu ilikuwa imesahau. Alisimama akayumba, akaanguka, akasimama tena. Festo alipokuja kumwona alisema, "Huyu kaonja pombe ya ulanzi bila kutusubiri," na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile Eliza akacheka.

Maneno yalikuwa yameondoka yote. Hakuna mwene, hakuna pooo. Sauti aliyokuwa nayo ni kilio na mguno. Mama yangu alitutuliza. "Mwili kwanza. Maneno yatarudi yenyewe." Tukaona ni sawa.

Baada ya mwezi tulimrudisha kama tulivyoagizwa, aangaliwe macho na masikio. Chumba kilijaa watoto wanalia. Tito alikuwa amekaa mkekani, mhudumu akasimama pembeni yake akamwita, "Tito! Tito!" Mimi nilikuwa mbele yao, mlangoni. Mtoto wangu alikuwa ananiangalia, na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ulikunja vidole mara mbili. Tito akanyanyuka akaja, anayumba.

"Anaitika vizuri," alisema yule mhudumu, na sote tulishukuru Mungu.

Nyumbani ndipo shida ilipoanza. Nikimwita mimi, anakuja. Nikimkataza, anaacha. Mama yangu naye hamwiti kwa mbali, humfuata akamgusa. Lakini Eliza ni mtu wa mdomo. Anapika huku anaongea, anafua huku anaongea, anamwita mtoto akiwa amempa mgongo, mikono imejaa povu. Tito hakugeuka hata mara moja.

"Kwako anaitika," aliniambia siku moja, anamenya viazi. "Kwa bibi yake anaitika. Kwangu haitiki."

"Bado mgonjwa, Mama Tito."

"Mgonjwa wa kwangu peke yangu?"

Ilikuwa kweli.

Jambo hilo likawa linazunguka nyumba nzima. Eliza alimnunulia karanga za sukari, akamwita kwa nyuma, akazitikisa kwenye karatasi. Hakugeuka. Alimwimbia. Alimkaripia. Siku moja alipiga sufuria chini kwa hasira, nami nikaruka, mama yangu akamwaga chai, na Tito akaendelea kupanga vipande vya mbao. Unaweza kusema hapo tungeelewa. Hatukuelewa. Eliza alimwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Umeona kiburi hicho? Hajanisamehe zile sindano."

"Mtoto mdogo hawezi kuweka kisasi."

"Wewe ulikuwa dirishani unamchezea. Mimi ndiye niliyekuwa namkandamiza. Atasahauje?"

Akaacha kumwita. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kelele. Alimlisha, alimwogesha, alimvisha, kimya kabisa, kama mtu anayehudumia mtoto wa wageni. Mimi kazini nikawa sishiki gogo sawasawa. Festo akashusha kiganja, simamisha, akanionyesha nikae chini. Nilikaa. Hata kukaa nilishindwa, nikaanza kufagia maranda ambayo hakuna aliyeniagiza kuyafagia.

Mama yangu alikuwa na maelezo yake. Alimfungua Tito mdomo akachungulia.

"Ana udata," alisema, yaani kile kinyama kilichoshika ulimi kwa chini. "Ndiyo maana hasemi. Mtoto asiyesema anakuwa na hasira na mama yake. Kakateni."

Mama mkwe naye alimfahamu mwanamke mmoja huko Makambako anayekata. Mimi sikutaka wembe mdomoni mwa mtoto ambaye nywele za kichwani hazijarudi vizuri. Eliza alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Una kingine?" aliuliza.

Nilimwambia sina.

"Basi niache nijaribu. Akisema 'maa' mara moja tu, inanitosha."

Akatangulia na Tito kwa mama yake. Mimi nilifuata Jumamosi, nikiwa na nia ya kuwazuia, ingawa njia nzima sikupata sentensi ya kumwambia. Basi lilipita kwenye mashamba ya chai, misitu ya misindano, nikawa nahesabiwa na yule niliyekaa naye mara ngapi ninabadilisha mguu. "Kaka, una haja ndogo?" aliniuliza mwishoni. Nikamwambia hapana, nina mtoto.

Nilimkuta Eliza ameshambeba Tito mgongoni, wanatoka. Mwanamke wa udata alikuwa anaishi ng'ambo ya reli. Tukafuatana bila kusalimiana vizuri. Tulipofika pa kuvukia, watu walikuwa wamesimama: wanawake na ndoo za nyanya, watoto wa shule, mtu na mbuzi wawili. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja. Tulisimama mgongo wetu ukiielekea, kwa sababu ya vumbi. Tito alikuwa macho kabisa, anachokonoa uzi wa kanga begani kwa mama yake.

Honi ikalia.

Wote waliokuwa pale wanaijua honi ile, lakini ilikuwa karibu mno. Mbuzi walikata kamba. Mtoto mmoja wa shule aliziba masikio akapiga kelele, na mama wa nyanya akatukana. Ikalia tena, ndefu. Nilimwangalia Tito nikingoja pooo. Nilikuwa natabasamu tayari.

Aliuvuta uzi, akaupata, akautazama.

Eliza aligeuza shingo. Alikuwa amesikia mgongoni mwake, au niseme hakusikia. Mama aliyebeba mtoto anajua mtoto akishtuka, mwili wote unamwambia.

"Baba Tito," alisema. "Hajashtuka."

"Nimeona."

"Hakutikisika hata kidogo. Piga makofi. Nyuma yake. Asikuone."

Nilipita nyuma nikapiga makofi. Nikapiga tena. Nikapiga karibu na sikio moja, kisha jingine, na watu wakaanza kututazama. Tito alikuwa anaulaza uzi wake begani kwa mama yake, anaunyoosha kwa kidole.

Eliza alimfungua mgongoni akamleta mbele, akamshika uso kwa mikono miwili. Kisha akacheka. Naandika kama ilivyokuwa, alicheka kwa nguvu, machozi yanashuka, treni inapita nyuma yetu.

"Kumbe hasikii!" alisema. "Hasikii! Baba Tito, kumbe hanichukii."

Mama wa nyanya alisogea akamshika bega, alidhani amefiwa. Alikuwa hajakosea sana. Kicheko kiliisha behewa la mwisho lilipopita, na kilichobaki sitakiandika. Hatukuvuka reli. Tulirudi kwa mama mkwe, akatuuliza imekuwaje haraka hivyo, na hakuna aliyeweza kumwambia mpaka uji ulipopoa.

Wanaosoma hapa na wenye mtoto aliyetoka kwenye ugonjwa huu, nina neno moja tu. Simama nyuma yake umwite. Usimguse, usikanyage chini kwa kishindo, mikono iweke mfukoni. Asipogeuka, mpeleke akapimwe masikio upesi, na aliyeambiwa mara moja kwamba mtoto anaitika, aombe apimiwe tena.

Sisi tulimpeleka Mbeya mvua za kwanza zilipokuwa zinaanguka. Benchi la masikio ni kimya kuliko mabenchi mengine. Daktari, mama wa makamo, alimfunga vifaa kichwani, akatazama mashine yake muda mrefu, akarudia sikio la pili. Alisema masikio yote mawili yameharibika, na kwamba usikivu umebaki kidogo sana. Kisha akauliza, bila ukali, tuliwezaje kukaa miezi yote hiyo. Nikamweleza habari ya dingdong, nikamwonyesha. Tito, sakafuni, akaona vidole vyangu akaja.

Daktari alivitazama vidole vile.

"Hiyo mikono ndiyo imewaficha," alisema. "Lakini msiiache sasa. Mama, na wewe anza."

Eliza hakuanza. Alipewa kifaa cha kusaidia kusikia, akakiwekea matumaini yote. Kilipiga mluzi, Tito akakichomoa akakizamisha kwenye uji. Eliza akakikausha, akakirudisha. Jambo hilo lilikwenda mvua zote, mpaka mianzi ilipoanza kutoa ulanzi. Nilimwambia, mfundishe sogea kwangu, ni rahisi.

"Hiyo mnaambiana kwenye magogo," alinijibu. "Mwanangu si gogo."

Nilimwelewa. Alitaka mtoto amwite maa. Mimi nilikuwa nimeshapata lugha bila kuitafuta, yeye alikuwa anaombwa aache kitu. Mama yangu, ambaye nilidhani ndiye atakayekataa, alijifunza haraka kutuzidi. Alibuni alama ya "umejikojolea" ambayo sitaieleza hapa, na Tito aliitumia kwa mchungaji.

Mwaka jana tulimpeleka kwenye shule yenye kitengo cha watoto viziwi, wamwangalie kabla umri haujafika. Mwalimu alinitazama nikiongea na mwanangu, akacheka.

"Baba, hii ya kwenu imejaa simamisha na sukuma. Neno 'nakupenda' liko wapi?"

Nikamwambia kwenye mbao hatulitumii. Alitufundisha alama za kweli, zile za viziwi wenyewe, na sasa tunachanganya. Eliza alikaa pembeni, mikono mapajani. Nilipomwangalia niliona vidole vyake vinajaribu, chini ya kanga.

Tito ana alama ya kila mtu. Bibi ni fimbo. Festo ni kofia, hiyo aliirithi kwangu. Mimi ni kujipangusa maranda kwenye nyusi. Mama yake hakuwa na alama, maana mtu hajipi alama, mwenye kuita ndiye huibuni, na Tito alikuwa hamwiti. Alikuwa akimfuata na kumvuta nguo. Eliza alijua hilo. Hakulisema, lakini nilimwona anavyotuangalia tukiitana.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani napiga randa ubao wa kitanda. Eliza alikuwa bombani anajaza ndoo, uso ametuelekea sisi. Tito alikuwa kwenye maranda karibu yangu. Akaokota kitu, kipande cha ubao chenye tundu la fundo, akachungulia kwenye tundu, akafurahi. Akasimama. Mimi nilimpa kiganja, nionyeshe. Hakuniona. Alikuwa anamtazama mama yake ng'ambo ya uwanja. Akaweka ubao chini, akapeleka ngumi zake mbili kifuani, akazizungusha moja juu ya nyingine, akavuta, kama mtu anayefunga kanga baada ya kubeba mtoto. Alingoja. Akafanya tena, kwa nguvu zaidi.

Eliza alibaki ameshika mpini wa ndoo.

"Anasema nini?" aliniuliza.

"Anakuita."

Maji yalikuwa yamejaa yanamwagika miguuni kwake. Hakufunga bomba.

"Abee," aliitika, kwa sauti. "Abee, baba." Kisha akainua mikono yake yenye maji, akaipeleka kifuani, akafunga fundo lile lile, akaja.